Kitenge cha Kamera ya Sita

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kupanda msituni juu ya Olmotonyi, kutoa kadi kwenye kamera sita zilizofungwa mitini, kubadilisha betri, kushuka. Kamera hizo hujipigia picha zenyewe kila mnyama anapopita mbele yake. Kikundi chao cha kujitolea kilifanya hivyo kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na siku zote walimaliza mapema. Safari hii walifika saa kumi na moja na nusu, jua limeshaegemea, kwa sababu walikuwa wameshinda hifadhini wakihesabu twiga na kuaibishwa na nyani.

Nyani alikuwa dume, mkubwa kama ndama. Brayson, chalii wa chuo aliyejiona anawajua wanyama kuliko mama zao, aliacha dirisha wazi. Nyani akaingiza mkono, akaondoka na mfuko wa chapati na daftari la hesabu ya twiga. Alikaa juu ya boneti akila chapati na kuchana kurasa moja moja, bila haraka, kama karani. Ikabidi waanze kuhesabu upya. Mchana, Agnela, nesi wa kujitolea, akashuka kujisaidia nyuma ya kichaka, na kichaka kikawa na nyati. Alirudi garini kwa kasi hata hakuna aliyeiona miguu yake. Kiatu kimoja kilibaki huko huko.

Walicheka mpaka machozi. Naserian naye alicheka, kwa kuwa wengine walicheka.

Ndivyo alivyokuwa tangu Aprili, walipomzika mama yake. Alikula, alifanya kazi, aliitikia salamu, lakini ndani kulikuwa na ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Hakulia msibani. Watu walimsifu kwamba ana moyo mgumu, kumbe moyo wenyewe hausikii kitu. Kabla ya kufa mama alimshika mkono akasema neno moja tu: "Naisula." Naisula ni mdogo wake wa miaka kumi na minane, aliyekuwa akisubiri kwenda chuo. Naserian alijua maana yake. Mtunze. Ndiyo maana alimchukua kwenye kikundi, ili awe machoni pake.

Machoni hakuwa. Naisula aliongea kutwa, na alipochoka kuongea aliimba nyimbo za kwaya, sauti ya pili peke yake, hata ukashindwa kuutambua wimbo. Naserian aliitikia "mm" na kuangalia pembeni. Mtoto yule alifanana mno na marehemu.

Dereva wao alikuwa Mzee Solomoni, Mchaga wa Machame, miaka ishirini na sita kwenye magari ya watalii. Alikuwa na desturi moja isiyovunjwa. Gari haliondoki mpaka ahesabu vichwa. Aligonga mgongo wa kila kiti kwa kiganja, akiita kwa sauti: moja, mbili, tatu... na mwisho akagonga kifua chake mwenyewe. Enzi za ujana wake aliwahi kumsahau mtalii chooni getini, na aibu ile haikumtoka.

Nyumbani kwa kina Naserian hilo ni mwiko. Watu hawahesabiwi. Bibi yao, Koko Nkasiogi, hata mbuzi hakuwahesabu. Jioni alisimama mlangoni mwa zizi, akaliangalia kundi linapoingia, kisha akasema, "Yule mwenye doa sikioni hajarudi." Wala hakukosea. Naserian alipomweleza kwamba kazi yao ni kuhesabu wanyama, bibi alicheka kidogo bila furaha.

"Mnahesabu vya msitu?" alisema. "Haya. Na vyenyewe vitawahesabu ninyi."

Ni maneno ya wazee. Naserian alikuwa ameyasikia mengi.

Waliacha gari kwenye geti la msitu. Mlinzi alikuwa ameshaondoka, kimebaki kibanda kitupu cha mbao, kitabu cha wageni dirishani, na mti wa kufungia geti umeshushwa. Walipanda wanne, Mzee Solomoni akabaki na gari. Kamera ya kwanza, ya pili, ya tatu. Giza la msituni halishuki kutoka juu, linaota kutoka chini, linaanza miguuni. Hadi kamera ya tano walikuwa hawavioni viatu vyao. Kamera ya sita ilikuwa ng'ambo ya kijito. Naserian aliyekuwa amejitanda kitenge cha mama, cha rangi ya machungwa chenye njiwa, alikivua akakiweka kwenye kisiki ili apate mikono ya kufungulia kamera. Alitoa kadi ya zamani, Brayson akaweka betri na kadi mpya.

Hapo perere wa kwanza akalia.

Asiyemjua perere anaweza kuzimia. Ni mnyama mdogo wa mitini, si mkubwa kuliko sungura, lakini analia kama mtu anayenyongwa, akianza chini chini na kupanda. Akajibiwa na mwingine. Na mwingine. Msitu mzima ukapiga kelele.

"Tushuke," Agnela alisema. "Mimi ya leo yamenitosha."

Walishuka haraka. Karibu na gari, Naisula alimgusa dada yake begani.

"Dada, umesahau kitenge cha mama. Nakwenda, narudi sasa hivi."

"Mm," Naserian alisema.

Alisikia. Baadaye alijilazimisha kukubali hilo, kwamba alisikia kila neno. Yaliingia masikioni yakakaa huko huko. Alipanda kiti cha mbele, akaegemeza kichwa kwenye kioo, akafumba macho.

Hakujua ni dakika ngapi zilipita. Mlango wa nyuma ulifunguka ukafungwa. Hewa ya baridi ikaingia, na harufu ya udongo mbichi na majani yaliyolowa. Mzee Solomoni akaanza kugonga viti.

"Moja." Naserian.

"Mbili." Brayson.

"Tatu. Nne." Agnela na aliyekaa karibu naye.

"Tano," akagonga kifua chake.

Maperere walinyamaza, wote kwa mara moja.

Na kutoka juu msituni, taratibu, kama mtoto anayejifunza...

"Sita."

Brayson akacheka. "Agnela, acha utani wako."

"Si wewe?" Agnela akasema.

Mzee Solomoni alifunga kioo cha upande wake. Aliwasha gari.

Njiani hakuna aliyeongea. Hata Naisula. Wala hakuimba. Naserian alikiona kimya hicho, na Mungu amsamehe, alikishukuru. Walipita Ngaramtoni, wakaingia barabara ya Nairobi, taa za mabasi zikawapiga machoni. Walipofika Sakina, mbele ya magereji, foleni ikawasimamisha katikati ya moshi wa mishikaki. Agnela aliinama mbele, akanong'ona sikioni mwa Naserian.

"Mdogo wako ana nini? Nimemshika mkono. Ni wa baridi kama maji ya kisima. Na amelowa."

Kabla hajajibu, simu yake ikaita. Namba ngeni.

"Dada?"

Sauti ilikuwa mbali, na nyuma yake kimya kitupu.

"Dada, mko wapi? Nimefika getini, gari silioni. Nimeomba simu kwa mama mmoja wa kuni. Kitenge ninacho."

Ilikuwa sauti ya Naisula.

Naserian aliangalia dashibodi. Simu ya Naisula ilikuwa pale pale tangu mchana, kwenye chaji ya Mzee Solomoni. Kisha akainua macho kwenye kioo cha kutazamia nyuma. Kiti cha nyuma, upande wa kushoto, mtu alikaa ameinamisha kichwa, kofia ya sweta imemfunika uso.

"Dada, naogopa," simu ikasema. Ikakatika. Alipopiga, haikupatikana.

Alipaswa kupiga kelele. Alijisubiri apige kelele, kama mtu anayesubiri chafya, na haikuja. Alimwonyesha Mzee Solomoni ile namba, akamnong'oneza aliyoyasikia. Yule mzee aliangalia kioo.

"Usigeuke," alisema kwa pumzi. "Mpigie bibi yako."

Koko alipokea simu yake ya kitochi baada ya mlio wa kwanza, kana kwamba alikuwa ameishika. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mlihesabiana huko?"

"Mzee Solomoni alihesabu."

Ng'ombe akalia nyuma ya bibi.

"Namba haina mwenyewe, Naserian. Yeyote anaweza kuikalia. Jina ndilo lina mwenyewe. Rudini pale pale. Mwite mara moja tu. Kisha mwangalie. Usimwulize maswali, vitu vya msitu vinajua majibu. Mwangalie, kama ninavyoangalia mbuzi. Wewe ni dada yake. Utamjua."

Waligeuza gari. Agnela alikuwa amehamia kwa Brayson, wamebanana kama vifaranga, anasali Salamu Maria bila sauti. Aliyekaa kushoto hakuuliza kwa nini wanarudi.

Getini hapakuwa na mama wa kuni. Hapakuwa na mtu. Taa za gari zilimulika mti wa geti na ukuta wa msitu nyuma yake. Hakuna perere, hakuna chenene. Naserian alishuka, akasimama kando ya mlango wa nyuma ulio wazi, kwenye mwanga.

"Naisula!"

"Nipo, dada."

"Nipo, dada."

Moja ilitoka msituni. Nyingine ilitoka garini, nyuma ya kiwiko chake. Ilikuwa sauti moja.

Wa msituni alitokea kwenye mwanga akitembea polepole, kitenge cha mama kimemzunguka mabega, njiwa wakicheza. Wa garini alivua kofia ya sweta, akainua uso. Uso ule ule. Macho ya marehemu, mara mbili.

Mwangalie, bibi alisema. Utamjua.

Naserian aliangalia. Alimwangalia huyu, akamwangalia yule. Alijaribu kukumbuka. Asubuhi Naisula alivaa sweta ya rangi gani? Nywele alikuwa amesuka au amebana? Lile kovu la moto, alilolipata wakipika togwa, lilikuwa mkono wa kulia au wa kushoto? Koko angemjua mbuzi kwa doa la sikio. Yeye alilala kitanda kimoja na mdogo wake miezi mitano, hakumjua.

"Dada, ni mimi," wa garini alisema. Meno yalikuwa yakigongana. "Nilikwenda, nikakikosa kisiki, giza lilikuwa zito. Nikateleza kijitoni. Nikarudi mbio, mkawa mnaondoka. Sikusema kitu kwa sababu nilikasirika. Nilikuaga ukaniitikia bila kunitazama. Hujanitazama tangu tumzike mama."

Ilikuwa kweli. Kila neno. Na ndiyo maana nywele zilimsimama Naserian, kwa sababu vitu vya msitu vinajua majibu.

Wa msituni hakujieleza. Alinyoosha mkono wenye kitenge.

"Nimekuletea," alisema.

Kitenge kilimfikia Naserian kwa harufu. Sabuni ya mche na moshi wa jikoni. Mama. Kwa mara ya kwanza tangu Aprili kitu kikamsukuma kifuani, na hicho kitu ndicho kilichoamua, si macho.

"Shuka," alimwambia wa garini.

"Dada..."

"Shuka!"

Hakuna aliyemzuia. Brayson aliangalia miguu yake. Mzee Solomoni alishika usukani kwa mikono miwili, midomo inacheza. Yule msichana alishuka, soksi zikichuruzika maji, mguu mmoja hauna kiatu. Alisimama kidogo mbele ya Naserian, kama anayempa nafasi ya mwisho ya kumtazama.

"Sawa, dada," alisema.

Akainama chini ya mti wa geti, akaingia gizani. Hakugeuka nyuma. Baada ya hatua chache alianza kuimba taratibu, kama mtu anayejipa moyo. Wimbo wa kwaya. Sauti ya pili peke yake.

Mwingine akapanda, akafunga mlango.

Walipofika nyumbani, Koko alikuwa mlangoni na kitochi. Alimulika uso wa Naserian, akasema, "Naserian, karibu." Kisha akamulika uso wa aliyejitanda kitenge. Alimwangalia muda mrefu. Mrefu mno. Kisha akashusha kitochi, mwanga ukaangukia sakafuni.

"Ingieni," alisema mwishowe. "Chakula kimepoa."

Jumatatu Naserian na Brayson walirudi kwenye kamera ya sita, saa tano asubuhi, jua kali. Walichukua kadi. Zilikuwemo picha tatu. Ya kwanza, saa kumi na mbili na dakika arobaini na moja: msichana mwenye sweta anakimbia ng'ambo ya kijito, mgongo kwenye kamera, mikono imetangulia mbele kama mtu anayepapasa. Ya pili, dakika mbili baadaye: hayupo. Kitenge kiko kwenye kisiki. Ya tatu, saa moja na dakika ishirini, wakati gari lilikuwa limeshaondoka zamani: mkono unachukua kitenge. Mkono tu. Mwenye mkono hakuingia kwenye picha.

"Saa za hizi kamera huharibika ukibadilisha betri," Brayson alisema. "Na mimi ndiye niliyebadilisha. Usizitilie maanani."

Alisema hivyo bila kumtazama. Tangu hapo hajaja kwenye kikundi.

Pale njiani, kando ya kijito, waliona kiatu kimoja cha raba, kimejaa maji. Naserian alikijua. Alikinunua yeye mwenyewe soko la Kilombero. Nyumbani, aliyeko nyumbani alipoulizwa viatu vyake, alisema kimoja kilimtoka alipokuwa anakimbilia getini. Ni jibu zuri. Majibu yake yote ni mazuri.

Naserian alitaka watu wakatafute msituni. Alikwenda mpaka kwa mlinzi wa geti, akasimama mbele ya dirisha lake la mbao.

"Amepotea nani?" mlinzi akauliza, kalamu mkononi.

Hakuwa na jina la kumpa. Kitabu cha getini kilikuwa wazi, mwandiko wa Mzee Solomoni: wameingia watu watano, wametoka watu watano. Hesabu ilikuwa sawasawa.

Mzee Solomoni hahesabu tena. Siku hizi anaita majina, na kila mtu lazima aitikie akimtazama usoni. Wageni wanaona ni mbwembwe za uzeeni.

Na ile ganzi imemtoka Naserian. Imemtoka yote, wakati kutoka kwake hakuna faida tena. Sasa analia akifua, analia akichota maji, analia kanisani watu wakidhani ni Roho. Na sasa anaangalia. Wakikaa jikoni kabla usiku haujaingia, anamwangalia yule anayemenya ndizi mbele yake, paji la uso, kucha, namna anavyocheka. Ni mpole. Haongei sana. Akiimba, anaimba sauti ya kwanza. Kovu liko mkono wa kulia. Kwenye picha za simu liko kushoto, lakini zote ni za kujipiga mwenyewe, na wanasema simu hugeuza picha hizo.

Angeweza kumwuliza Koko lilikuwa mkono gani. Koko anajua. Kila asubuhi bibi anasimama mlangoni na kuamkia watu wa nyumba yake kwa majina, mmoja mmoja, kama alivyofanya miaka yote. Naserian anaitwa. Wajomba wanaitwa. Hata mtoto wa jirani aliyelala hapo anaitwa.

Kisha bibi anamgeukia yule mwingine, anashusha macho, na kumwambia, "Na wewe."

Saa kumi na mbili jioni Naserian hupanda mpaka mwisho wa shamba, pale msitu ule ule unapoanzia upande wao, anaita jina moja. Anaita mara nyingi. Na kila anapoita, mlangoni mwa jikoni nyuma yake, mtu anaitikia.

"Nipo, dada."